Nimebandikiwa notisi ya dalali wa mahakama dukani Mwanjelwa, kesi yenyewe sijawahi kuisikia

#1 Mchele wa Kyela
Wakuu, habari za jioni. Mimi huwa msomaji tu humu, ila leo nimekwama.

Jumanne asubuhi nafika kufungua fremu yangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, nakuta karatasi imegandishwa kwa gundi kwenye geti, majirani wameshaisoma wote. Ni notisi ya siku 14 ya dalali wa mahakama. Nilipe shilingi 8,460,000 na gharama juu, la sivyo wanakamata mali. Mali zilizotajwa ni bidhaa za dukani na nyumba yangu ya Uyole. Chini imeandikwa namba ya kesi ya Mahakama ya Wilaya na kwamba hukumu ilitoka 2023, ya upande mmoja.

Nilichokumbuka ni hiki. Mwaka 2019 nilimdhamini rafiki tuliyekuwa tunagawana fremu. Alikopa milioni 5 kwenye taasisi ya mikopo, sitaitaja. Nilitia saini, nikatoa picha ya pasipoti na barua ya mtaa, basi. Mwaka 2021 akaniambia amemaliza rejesho la mwisho, akahamia Tunduma. Sasa namba yake haipatikani.

Wakati ule nilikuwa napanga Ilomba. Mwisho wa 2021 nikahamia kwangu Uyole na familia. Sijapokea samansi, sijapigiwa simu, sijaona mtu. Hivi mtu anahukumiwaje bila kuitwa? Mke wangu hajala tangu juzi. Naomba wanaojua waniambie naanzia wapi.

#2 Kijana wa Soweto
Pole sana kaka. Kwanza hakikisha siyo matapeli. Siku hizi kuna wanaotuma meseji "una kesi mahakamani, lipa kwa namba hii ifutwe". Na karatasi za kubandika nazo zipo. Usitume hata mia kwa mtu yeyote kabla hujafika masjala ya mahakama yenyewe.

#3 Karani Mstaafu
Kamwene. Nimefanya kazi masjala za mahakama miaka mingi, Iringa na kwingine Nyanda za Juu. #2 amesema vema kuhakiki, lakini mtoa mada usijifariji kwamba ni utapeli. Tapeli mara nyingi anakupa namba ya simu, siyo namba ya kesi na siku 14.

Fanya hivi kesho asubuhi, usingoje Jumatatu. Nenda masjala ya mahakama iliyotajwa na hiyo namba, omba kusoma jalada. Wewe ni mdaiwa kwenye hiyo kesi, kulisoma ni haki yako, utalipia ada ndogo. Usianze kusoma hukumu. Tafuta karatasi moja: kiapo cha aliyepeleka wito. Huyo lazima ameapa kwamba alikukuta, au alikukosa, au ulikataa kupokea. Kesi yako yote imelala kwenye karatasi hiyo.

Omba nakala ya hukumu, ya tuzo (ile amri rasmi inayotokana na hukumu), ya hicho kiapo na ya maombi ya kukazia hukumu, yaani ya kuitekeleza. Tunza risiti. Tarehe ya risiti itakusaidia mbele.

#4 Mbao za Mafinga
Fuata maneno ya mzee hapo juu. Mimi sikufuata. Nilipata notisi kama yako kwa deni la matairi ya lori, nikasema hii kesi siijui na hainihusu, nikaendelea kupasua mbao. Siku ya 16 dalali akaja na polisi, wakapakia mbao za msimu mzima. Nilikuwa na risiti zote za kulipia yale matairi, zimo kwenye droo, lakini hakuna aliyeniuliza risiti siku ile. Mahakama ilikuwa imeshasema, dalali anatekeleza tu. Mpaka leo nikipita pale zilipouzwa roho inaniuma.

#5 Majina ya Mwa
Kwa Mbeya mimi nafikiria jambo lingine. Majina yetu yanafanana mno. Darasani kwetu tulikuwa watatu wenye jina la kwanza na la ukoo sawasawa. Inawezekana wito ulipokelewa na mwenye jina kama lako. Angalia kama jina la tatu lipo, na namba ya kitambulisho.

#6 Mchele wa Kyela
#5 jina ni langu, matatu yote. Na mkopo naukumbuka. Siwezi kusema siyo mimi.

#7 Mzee wa Tukuyu
Sasa kama jina ni lako na saini ni yako, unalalamika nini? Mdhamini ni mdaiwa. Ulipotia saini ulifikiri unasaini kadi ya harusi?

#8 Wakili wa Kihesa
Shikamoo mzee wa Tukuyu. Kwenye udhamini uko sahihi: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 80, wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Taasisi hailazimiki kuanza na mkopaji.

Lakini kudaiwa na kusikilizwa ni vitu viwili. Katiba ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu kabla haki zake hazijaamuliwa. Huenda mkopaji alilipa milioni 4. Huenda alilipa yote. Nani aliyemwambia hakimu hayo, kama mdhamini hakuwepo?

Mtoa mada, mimi ni wakili wa kujitegemea, ila hapa naeleza kwa ujumla, hati zako sijaziona. Njia ya kawaida ni kuiomba mahakama ileile iliyotoa hukumu iitengue. Ipo kwenye Amri ya Tisa ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Namba ya kanuni isikuchanganye, toleo la 2002 ni ya 13 na toleo la 2019 ni ya 9. Unatakiwa uonyeshe kwamba wito haukukufikia ipasavyo, au kwamba ulizuiwa na sababu ya msingi usifike.

Tatizo lako ni muda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa siku 30 kwa maombi hayo. Hukumu ni ya 2023, umeshapitwa. Kwa hiyo unaanza kwa kuomba kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha sheria hiyohiyo. Ndipo risiti aliyoisema mzee Karani inapopata kazi. Mahakama zetu zinafuata vigezo vya kesi ya Lyamuya ya mwaka 2010: ueleze kila siku ya ucheleweshaji, usiwe umechelewa kupita kiasi, uwe umechukua hatua kwa bidii, na kama kuna ukiukwaji wa sheria kwenye uamuzi wenyewe, useme. Siku ulizokuwa hujui zinaelezeka. Siku baada ya Jumanne ile hazielezeki kwa machozi, zinaelezeka kwa risiti.

#9 Mzee wa Tukuyu
Marahaba binti. Lakini kwa nini azunguke? Akate rufaa Mahakama Kuu, ipo hapohapo Mbeya mjini. Huko ndiko wanakosikiliza.

#10 Wakili wa Kihesa
Hukumu ya upande mmoja inakatiwa rufaa, sikatai. Ila rufaa inatazama kilichomo kwenye kumbukumbu, na kwenye kumbukumbu upande wake ni mtupu. Kama hoja yake ni "sikuitwa", hiyo ni hoja ya kwenda nayo palepale ilipotoka hukumu, ambako anaweza kuleta kiapo na mashahidi. Na siku za kukata rufaa nazo zimepita.

#11 Bajaji Kabwe
Mimi naona mnazunguka sababu. Wapeleka wito wengine hawafiki. Anakaa kwenye kivuli anaandika "mdaiwa amekataa kupokea", analipwa nauli. Hii iko wazi.

#12 Karani Mstaafu
Ndugu wa Kabwe, wapo wa hivyo, nimewaona. Lakini nimewaona pia watu wanaoruka ukuta wakisikia "samansi", kisha wanaapa hawakuiona. Kwa hiyo usijenge kesi kwa neno "iko wazi".

Sheria inasema hivi: mpeleka wito akikataliwa au akimkosa mtu baada ya juhudi za kutosha, anabandika nakala mlangoni mwa nyumba anayoishi mdaiwa, kisha anarudisha taarifa yenye siku, jinsi alivyobandika, na mtu aliyemwonyesha nyumba. Nyumba *anayoishi*. Siyo aliyowahi kuishi. Na hakimu ana uwezo wa kumwita huyo mpeleka wito aulizwe kwa kiapo.

Njia nyingine ni tangazo la gazeti, pale mahakama inaporuhusu wito mbadala. Hapo watu wengi ndipo wanapopotelea. Nani Igurusi anasoma ukurasa wa matangazo ya kesi?

#13 Mama Viazi Njombe
Poleni jamani. Mimi nataka kumwambia huyu kaka kuhusu vitu vya mke wake. Deni lilikuwa la mume wangu, dalali akaja akachukua pikipiki yangu ninayobebea viazi. Kadi ina jina langu. Nililia pale barabarani, nikaambiwa niende mahakamani. Msaidizi wa kisheria wa kata ndiye aliyenielekeza, hakunitoza kitu, kwamba mtu asiyehusika na kesi anaweza kupeleka pingamizi la ukamataji. Nilipeleka kadi na mkataba wa ununuzi. Ilichukua wiki tano, viazi vikaozea shambani, lakini pikipiki ilirudi.

Mke wako kama ana mashine au mzigo wake humo dukani, aandae karatasi zake sasa hivi.

#14 Mchele wa Kyela
Asante mama, ndaga fijo. Magunia 12 ya maharage humo ndani ni ya mke wangu na kikundi chake. Karatasi hazipo, wana daftari la kikundi.

#15 Wakili wa Kihesa
Daftari lenye tarehe na saini za wanakikundi ni ushahidi. Alitunze, asianze kuliandika upya.

#16 Fundi Iyunga
Na nyumba je? Nimesikia nyumba ya kuishi haikamatwi.

#17 Karani Mstaafu
Kifungu cha 48 cha Sura ya 33. Nyumba au sehemu ya nyumba anayoishi mdaiwa, mke wake na watoto wanaomtegemea haikamatwi kwenye kukazia hukumu. Vivyo hivyo nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi. Lakini kama nyumba iliwekwa rehani kwa mkopo huohuo, kinga hiyo haimfai. Wengi huchanganya hapo.

#18 Mchele wa Kyela
Sikuweka rehani chochote. Ila vyumba viwili vya uani nimepangisha wanafunzi wa chuo.

#19 Fundi Iyunga
Basi vyumba viwili hivyo vinakamatwa, mzee kasema "sehemu ya nyumba".

#20 Mzee wa Tukuyu
Watakamata vipi vyumba viwili vya uani? Watavibeba? Kiwanja ni kimoja, hati ni moja.

#21 Wakili wa Kihesa
Hilo linabishaniwa hata na mawakili, na ukweli wa kila nyumba ni tofauti. Kama anategemea kinga ya nyumba, aitaje kwenye kiapo kama ilivyo, wapangaji wakiwemo. Akiwaficha wakagundulika, hata yale ya kweli hayataaminiwa.

#22 Kijana wa Soweto
Jamani, mimi kuna kitu kinanisumbua. Wakati wa kumwita mahakamani, nyumba yake ya Uyole hawakuijua. Wakati wa kukamata mali, wameijua. Imekuwaje?

#23 Bajaji Kabwe
Hapo sasa! Walijua tangu mwanzo, hawakutaka aje.

#24 Majina ya Mwa
Au yule rafiki wa Tunduma ndiye aliyewaelekeza baadaye, ili wamwache yeye.

#25 Mbao za Mafinga
Siyo lazima njama. Wangu mimi walifanya upekuzi wa mali baada ya hukumu. Kabla ya hukumu hawahangaiki na wewe, baada ya hukumu unakuwa mali, wanakutafuta hadi shambani.

#26 Mama Viazi Njombe
#22 swali lako ni zuri kuliko majibu yetu yote. Mtoa mada aliweke kwenye kiapo chake.

#27 Mtaalamu wa Vwawa
Nimechelewa kwenye uzi. Deni la milioni 8 lilifikaje Mahakama ya Wilaya? Hiyo ilitakiwa Mahakama ya Mwanzo. Afute kesi kwa hoja hiyo tu, amalize.

#28 Wakili wa Kihesa
Ni kweli tangu marekebisho ya 2016 Mahakama ya Mwanzo inafika milioni 30 kwa madai ya fedha ya mkataba. Na ni kweli sheria inataka kesi ianzie mahakama ya chini kabisa yenye uwezo. Aitaje kama hoja mojawapo, asiitegemee peke yake. Hoja yenye nguvu ni kutoitwa.

#29 Fundi Iyunga
Na kufungwa? Mimi najua hakuna kufungwa kwa deni.

#30 Karani Mstaafu
Ipo, ndugu yangu. Inaitwa mfungwa wa madai. Aliyeshinda kesi anaomba, na yeye ndiye anayelipa posho ya chakula cha mfungwa, akiacha kulipa mfungwa anaachiwa. Haizidi miezi 6. Na ukitoka deni bado lipo, ila hawakukamati tena wewe kwa tuzo ileile. Kabla ya hapo unaitwa ujieleze kwa nini usipelekwe. Kwa hiyo wito wa namna hiyo ukija, usikae nyumbani hata kama unaumwa.

Na tuzo ina miaka 12 ya kutekelezwa. Anayesema "nitajificha mpaka ife" ajue anajificha miaka 12.

#31 Mchele wa Kyela
Wakuu, mrejesho. Nimetoka mahakamani. Nimesoma jalada, karani aliyenihudumia alikuwa mwema, alinipa hadi kiti.

Kiapo kipo. Kinasema Machi 2023 mpeleka wito alifika nyumbani kwangu *Ilomba*, akanikuta, nikakataa kusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akabandika mlangoni. Machi 2023 nilikuwa nimeshamaliza mwaka na zaidi Uyole. Mwanangu alikuwa anasoma shule ya hukuhuku Uyole, umeme unasoma jina langu.

Kingine. Kwenye hesabu yao, kati ya zile milioni 5 imeonyeshwa rafiki yangu alilipa 1,900,000 tu. Juu ya 3,100,000 zilizobaki wameongeza riba na adhabu. Nilisoma mara tatu. Aliniambia amemaliza. Tulikula pamoja siku aliyoniambia.

#32 Bajaji Kabwe
Nilisema! Uongo mtupu, hakufika.

#33 Karani Mstaafu
Subiri. Amesema alifika Ilomba. Inawezekana alifika kweli, akamkuta mwanamume mwingine pale, akamuuliza "wewe ndiye fulani?", yule akafukuza. Mpeleka wito akaandika "mdaiwa amekataa". Ni kosa, lakini siyo uongo wa kivulini. Mtafute mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule, na mwenye nyumba.

Na hesabu iangalie vizuri. Riba ya mkataba ni jambo moja, riba baada ya hukumu ni jingine, hiyo kwa kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka. Dalali naye ana ada yake. Omba mchanganuo, usikubali namba moja kubwa.

#34 Mtaalamu wa Vwawa
Peleka maombi yote kwa pamoja, kuongeza muda na kutengua hukumu, uokoe gharama.

#35 Wakili wa Kihesa
Wapo mahakimu wanaokubali, wapo wanaotupa maombi yaliyochanganywa. Kwa siku zilizobaki mimi nisingecheza hiyo bahati. Ningeomba kuongezewa muda, na sambamba na hilo maombi ya haraka ya kusimamisha utekelezaji. Bila kusimamisha, dalali haangalii kwamba umefungua kitu. Uwe tayari pia kwamba mahakama inaweza kutengua kwa masharti, ulipe gharama za upande wa pili au uweke kiasi fulani mahakamani.

Kama wakili ni mzigo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili hiyo. Uliza ofisi za halmashauri yako, wakuelekeze kwa watoa huduma waliosajiliwa.

#36 Mzee wa Tukuyu
Mimi bado nasema zungumza na hiyo taasisi. Hata ukitengua, saini yako iko palepale. Kesi itaanza upya na utalipa. Nenda na 2,000,000 mkononi, omba awamu.

#37 Mama Viazi Njombe
Mzee, akienda kuomba awamu kabla hajatengua, si amekubali deni lote la milioni 8?

#38 Wakili wa Kihesa
Anaweza kuzungumza kwa maandishi, bila kukiri, maombi yakiendelea. Na hata akishindwa yote, mahakama ina uwezo wa kuruhusu alipe tuzo kwa awamu. Mzee wa Tukuyu hakukosea kabisa. Amewahi tu.

#39 Mzee wa Tukuyu
Haya. Na wewe Mchele wa Kyela, kabla hawajaja kukamata, niuzie gunia moja kwa bei ya msimu.

#40 Mchele wa Kyela
Mzee wangu, gunia lako lipo, njoo Jumamosi.

Wakuu, mrejesho wa pili. Maombi yamesajiliwa kwa msaada wa wakili niliyepewa na watu wa msaada wa kisheria. Hakimu ameamuru utekelezaji usimame mpaka pande zote zisikilizwe. Nakala ya amri nimempelekea dalali kwa mkono, ameisaini.

Nimeenda Ilomba. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule anasema hajawahi kuongozana na mpeleka wito kwenda nyumba ile, na muhuri ulio kwenye kiapo hautambui. Mama mwenye nyumba anasema tofauti. Anakumbuka kijana mwenye pikipiki alikuja na karatasi mwaka ule, akamuulizia mtu kwa jina langu, na mpangaji aliyenifuata ndiye aliyetoka nje kuongea naye. Huyo mpangaji alishahama, nasikia yuko Chunya. Kwa hiyo sijui nimwamini nani. Mwenyekiti ana sababu ya kujitoa, na mama ni mtu mzima, kumbukumbu zake zinachanganya miaka.

#41 Karani Mstaafu
Usichague. Wachukulie viapo wote wawili kama walivyosema, hata visipofanana. Vyote viwili vinakutoa wewe mlangoni siku ile. Kisha mwombe wakili wako aombe mpeleka wito aitwe.

#42 Majina ya Mwa
Na rafiki wa Tunduma?

#43 Mchele wa Kyela
Dada yake nimempata. Anasema kaka yake yupo, ana duka la simu karibu na mpaka, na kwamba risiti za kumaliza mkopo anazo. Nimeomba azipige picha atume. Hii ni siku ya nne.

Kesi inatajwa tarehe 17. Mwenyekiti amekubali kuapa kesho. Mama mwenye nyumba amesema atakuja na yeye, ila nimsubiri amalize kuanika maharage kwanza, mvua za jioni zimeanza.